Mchezaji anayependwa na mwanangu kapelekwa timu nyingine: hivi waliwezaje?

*"Sisi ni watu wa Mombasa, tunaishi Aurora, jirani na Denver, huu mwaka wa 9. Mwanangu wa miaka 12 alishikwa na hoki ya barafuni tangu tulipofika. Jezi yake ni ya Mikko Rantanen, namba 96, niliyoinunua kwa kujibana miezi 2. Januari 2025 timu ikampeleka Rantanen Carolina, usiku, mtoto kalala. Asubuhi aliposikia akaniuliza: 'Mama, yeye mwenyewe walimuuliza?' Sikuwa na la kumjibu. Mei ya mwaka huohuo Rantanen, sasa yuko Dallas, akatufunga mabao 3 na kututoa mashindanoni. Tangu hapo jezi imekunjwa, iko chini ya kitanda. Mume wangu anasema huku ni kuuza watu kama enzi zile. Na kazini kwangu kuna bwana wa Edmonton ambaye hadi leo machozi humlengalenga akitaja Gretzky, na mwingine wa Boston ambaye hajamsamehe mtu kwa habari ya Thornton. Naomba unifafanulie: mtu hubadilishwaje bila kuulizwa? Mabadilishano mabaya hujulikanaje? Na mtoto nimwambie nini?"*

Dada yangu, mwanao ameuliza jambo ambalo mashabiki watu wazima hulizunguka miaka mingi bila kulitamka. Jibu lake ni hapana, hakuulizwa. Rantanen mwenyewe alisema alishtuka. Alikuwa Colorado, timu yenu ya Denver, tangu walipomchagua mwaka 2015, akatwaa nao Kombe la Stanley, kombe la bingwa wa ligi, mwaka 2022, kisha kwa simu moja akawa mtu wa Carolina. Kwa hiyo mtoto alihisi sawasawa, na nakuomba uanze kwa kumwambia hivyo kabla ya maelezo mengine yoyote.

Kinachotutatiza wengi ni kwamba tumelelewa na soka. Tunajua usajili: klabu mbili zinapatana bei, halafu mchezaji anakaa mezani kupatana mshahara wake, na akikataa, shughuli imekwisha. Kwenye NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, mambo hayaendi hivyo. Kinachohama ni mkataba, na mchezaji anaufuata. Mshahara ni uleule na miaka iliyobaki ni ileile, ila mji na nembo ya kifuani ndivyo vinavyobadilika. Tena siku hizi hakuna fedha ya kumnunua mtu. Timu hupeana wachezaji kwa wachezaji, au hupeana haki ya kuchagua vijana kwenye drafti, ile siku ya kiangazi ambapo timu zote hupanga foleni kuchukua chipukizi. Timu inayotoa inaweza pia kubaki na sehemu ya mzigo wa mshahara, isiyozidi nusu. Kwa hiyo unaposikia "wamemuuza", ujue ni mazoea ya ulimi tu.

Wapo wanaoulizwa. Mchezaji akifikisha umri wa miaka 27, au misimu 7 ya kucheza, anaweza kudai kifungu cha kukataa kuhamishwa kiandikwe kwenye mkataba wake, na kikishaanza kazi, timu haimgusi bila ridhaa yake. Jarome Iginla alikuwa nacho Machi 2013, wakati Calgary ilipoamua kuanza upya. Boston waliamini wameshampata, lakini yeye akachagua Pittsburgh, na hakuna aliyeweza kumzuia. P.K. Subban wa Montreal yalimkuta kinyume. Kifungu chake kilikuwa kianze tarehe 1 Julai 2016. Tarehe 29 Juni, siku 2 kabla, wakambadilisha na Shea Weber wa Nashville. Huyu ndiye kijana ambaye Septemba ya mwaka uliotangulia alikuwa ameahidi kuchangisha dola milioni 10 kwa hospitali ya watoto ya mji uleule. Nikifika kwenye zile siku 2 huwa nanyamaza kidogo, maana hapo ndipo unaona kwamba kalenda nayo ni silaha.

Sasa mumeo. Simpuuzi hata kidogo. Mtu wa pwani akisikia binadamu amebadilishwa kwa binadamu ana kila sababu ya kusisimkwa mwili. Na historia ya mchezo huu inampa sehemu ya haki. Mwaka 1957 Ted Lindsay wa Detroit, mmoja wa washambuliaji hodari wa zama zake, alijaribu kuwaunganisha wachezaji wawe na chama chao. Mabosi wake walimtupa Chicago, timu iliyokuwa ikiburura mkia, na wakamwondoa pamoja na kipa wao kijana, Glenn Hall. Ilikuwa adhabu, na kila mchezaji kwenye ligi aliielewa. Detroit ililipa: mwaka 1961 Chicago ilitwaa Kombe la Stanley, na golini alikuwa Hall huyohuyo.

Lakini mwambie mumeo pia kwamba mambo yamesogea. Chama cha wachezaji kipo tangu 1967. Mkataba una mwisho, na ukiisha mchezaji aliyetimiza umri anakwenda anakotaka. Analipwa mamilioni, anaweza kukaa nje kushinikiza, anaweza kustaafu. Hilo haliwezi kulinganishwa na mnyororo. Naliita kazi yenye masharti magumu, masharti ambayo wachezaji wenyewe, kupitia chama chao, wameyakubali ili wapate mengine. Mkeka wa sebuleni unakunjwa kwa notisi ya siku 1, watoto wanahamishwa shule katikati ya muhula, na bado si utumwa. Yote mawili ni kweli, na mtoto wa miaka 12 anaweza kuyabeba yote mawili.

Tuje kwenye mabadilishano mabaya, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo penye utamu.

Shabiki humpima meneja kwa matokeo. Mimi huwa nagawanya hukumu mara mbili. Kwanza, siku ile walijua nini na walibanwa na nini? Pili, baadaye ilikuwaje? Ukizichanganya hizo mbili utamwona mjinga mtu aliyekosa bahati, na utamsifu mtu aliyebahatisha. Na nikikagua yale ambayo mashabiki wanayajutia zaidi, mengi yana ugonjwa mmoja: mwenye mali alikuwa amebanwa, au alikuwa na haraka.

Anza na huyo bwana wa Edmonton. Tarehe 9 Agosti 1988 Wayne Gretzky alipelekwa Los Angeles pamoja na Marty McSorley na Mike Krushelnyski. Edmonton ilipata Jimmy Carson, Martin Gelinas, haki 3 za kuchagua raundi ya kwanza, na dola milioni 15. Wakati ule fedha zilikuwa bado zinaruhusiwa, na zilikuwa ndizo roho ya mapatano, kwa sababu mwenye timu, Peter Pocklington, alizihitaji. Gretzky alikuwa ametoka kuwapa vikombe 4 katika miaka 5, na hata mwezi haukuwa umetimia tangu afunge ndoa mjini humohumo. Mbele ya waandishi alianza kusema, akashindwa, akafuta machozi, akaondoka kwenye kipaza sauti. Mbunge mmoja, Nelson Riis, aliitaka serikali ya Kanada izuie jambo lile. Sanamu ya Pocklington ilichomwa moto.

Lakini mwenzako huyo wa kazini huenda hasemi jambo moja: mwaka 1990 Edmonton ilitwaa kombe tena bila Gretzky, na Gretzky hakulitwaa tena maisha yake yote. Alifika fainali na Los Angeles mwaka 1993, Montreal ikawafunga. Ukihesabu vikombe, mtu anaweza kubisha kwamba Edmonton haikupoteza. Watu wa Edmonton hawalii kwa sababu ya vikombe, dada. Kijana wao waliyemwona akikua alitolewa kwa sababu ya hesabu za mtu mmoja, na hilo kombe la 1990 haliwezi kulifuta. Kwa hiyo akianza tena, usimpelekee takwimu. Mwulize siku ile alikuwa wapi.

Bwana wa Boston ana kesi nyingine kabisa. Joe Thornton alikuwa nahodha wao. Timu ilikuwa inapoteza mfululizo, watu wana hasira, na tarehe 30 Novemba 2005 wakampeleka San Jose kwa Brad Stuart, Marco Sturm na Wayne Primeau. Msimu uleule Thornton akawa mchezaji bora wa ligi na kinara wa pointi, yaani mabao na pasi za mabao zikijumlishwa. Kwa jicho la siku ile ilikuwa kosa: huwezi kutoa dhahabu moja ukapewa shaba 3 ukasema mizani imelingana.

Ila kuna kitu kimoja ambacho lazima ukielewe, maana ndicho kilichomwondoa hata Rantanen wenu. Msimu wote wa 2004–05 ulifutwa kwa mgogoro wa mishahara, na ligi iliporudi ilikuja na ukomo: kila timu ina kiwango cha fedha isichoruhusiwa kuvuka kwa mishahara ya wachezaji wote. Mwaka wa kwanza kilikuwa dola milioni 39, msimu wa 2024–25 kilikuwa milioni 88. Chukua kapu lako la sokoni. Halitanuki. Ukiweka samaki mkubwa, nyanya na unga vinapungua, na siku ukiamua kumtoa samaki, umepata nafasi ya vitu vingine hata kama hujarudishiwa samaki. Boston walipata nafasi hiyo, na kiangazi cha 2006 wakamsaini Zdeno Chara, mlinzi mrefu kuliko wote kwenye ligi. Mwaka 2011 ni Chara, akiwa nahodha, aliyenyanyua Kombe la Stanley. Thornton alistaafu bila kulishika. Je, yalikuwa mabaya? Yenyewe kwa yenyewe, ndiyo, nayasema bila kusita. Lakini timu yao haikufa kwa ajili yake.

Na nyinyi wa Denver, naomba mwanao alijue hili: timu yake imejengwa kwa majuto ya wengine. Zamani ilikuwa Quebec, ikahamia Denver mwaka 1995. Mwaka 1991 Quebec ilimchagua Eric Lindros, kijana aliyeonekana atakuwa Gretzky wa pili, naye akakataa katakata kuwachezea. Mwaka uliofuata wakapatana na timu mbili kwa wakati mmoja, Philadelphia na New York Rangers, hadi akaitwa msuluhishi aamue nani anamchukua! Philadelphia ikashinda, ikatoa Peter Forsberg, wachezaji wengine 5, haki 2 za raundi ya kwanza na dola milioni 15. Lindros alikuwa mkubwa kweli, mwaka 1995 alichaguliwa mchezaji bora wa ligi, lakini kombe hakulipata. Forsberg alilipata mara 2, akiwa na jezi ya Colorado.

Halafu kipa Patrick Roy. Tarehe 2 Desemba 1995 Montreal walikuwa nyumbani wakicheza na Detroit. Kocha Mario Tremblay alimwacha Roy golini akifungwa mabao 9 katika mikwaju 26. Alipodaka mkwaju mwepesi mashabiki walimshangilia kwa kejeli, naye akainua mikono juu. Alipotolewa hatimaye, alipita mbele ya kocha bila neno, akamwendea rais wa klabu aliyekuwa ameketi nyuma ya benchi, akamwambia hiyo ilikuwa mechi yake ya mwisho Montreal. Siku 4 baadaye alikuwa Colorado, pamoja na nahodha Mike Keane. Montreal walipewa Jocelyn Thibault, Martin Rucinsky na Andrei Kovalenko. Siku 4! Kila meneja kwenye ligi alijua Montreal hawana budi, na mwenye kujua huna budi hakupi bei nzuri. Juni 1996 Denver ilisherehekea kombe lake la kwanza. Montreal hawajalitwaa tangu 1993, wakati Roy alipokuwa golini kwao.

Toronto wana aina yao ya majuto, ya kutosubiri. Oktoba 1989 walitoa haki yao ya raundi ya kwanza ya mwaka 1991 ili wampate mlinzi Tom Kurvers mara moja. Haki ile ikaja kuwa Scott Niedermayer, mmoja wa walinzi bora wa zama zake. Juni 2006 wakamtoa kipa chipukizi Tuukka Rask kwa Andrew Raycroft. Mei 2013 Toronto waliongoza 4–1 katika kipindi cha mwisho cha mechi ya 7 dhidi ya Boston, ile ya mwisho ya kuamua nani asonge mbele, wakafungwa 5–4 katika muda wa nyongeza, na golini upande wa pili alisimama Rask.

Kuna pia mabadilishano yaliyochukiwa siku ya kwanza na baadaye yakaonekana sawa. Toronto haohao, Juni 1994, walimtoa nahodha wao Wendel Clark, mtu aliyependwa kama mtoto wa nyumba, wakamchukua Msweden Mats Sundin. Watu walilia. Sundin akawa nahodha, na siku alipoondoka alikuwa amefunga mabao mengi kuliko yeyote aliyewahi kuvaa jezi ile. Ottawa nao walipomwacha nahodha wao Erik Karlsson aende San Jose Septemba 2018, mji mzima ulinuna. Miongoni mwa walivyopewa ilikuwemo haki ya kuchagua, ambayo mwaka 2020 iliwapa Tim Stützle, mshambuliaji aliyekuja kuwa nyota wao.

Nililoliacha makusudi ni lile ninalolipenda. Desemba 1995 Joe Nieuwendyk alikuwa amegoma kuichezea Calgary kwa sababu ya mkataba. Calgary walibanwa kama Montreal walivyobanwa mwezi uleule. Wakampeleka Dallas, na miongoni mwa waliorudi alikuwa kijana wa miaka 18 ambaye hakuwa amecheza hata mechi moja ya ligi kuu: Jarome Iginla, mzaliwa wa Edmonton, baba yake mtu wa Nigeria. Jina hilo kwa Kiyoruba ni mti mkubwa. Nieuwendyk aliipa Dallas kombe mwaka 1999 na akachaguliwa mchezaji bora wa mtoano. Iginla akawa mfungaji mkuu wa historia ya Calgary, na mwaka 2002 akashinda dhahabu ya Olimpiki na Kanada. Kila upande ulifurahi. Mwonyeshe mwanao picha za Iginla. Mtoto wa Kiafrika kwenye barafu ana haja ya kumjua mtu huyo.

Turudi kwa Rantanen. Mkataba wake ulikuwa unaisha kiangazi cha 2025. Colorado tayari walikuwa wanamlipa Nathan MacKinnon dola milioni 12.6 kwa mwaka, na waliogopa ama kuvunja kapu, ama kumwona akiondoka bure. Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Wakamchukua Martin Necas, kijana mwenye mbio, pamoja na Jack Drury na haki za kuchagua. Carolina nao hawakuweza kumshawishi asaini. Alicheza mechi 13 tu, wakampeleka Dallas, akasaini miaka 8 kwa dola milioni 96. Kwa mizani yangu ya kwanza, Colorado hawakufanya upuuzi, ingawa naona waliharakisha: bado kulikuwa na miezi ya mazungumzo. Kwa mizani ya pili, mtoto wako aliiona mwenyewe tarehe 3 Mei. Colorado wanaongoza 2–0 kipindi cha mwisho cha mechi ya 7, Rantanen anafunga la kwanza, anafunga la pili, anatoa pasi ya la tatu, anafunga la nne kwenye goli tupu. Sijawahi kuona majuto yakija haraka hivyo.

Kuhusu mtoto, nitakwambia nilichokiona. Nafundisha watoto kuteleza Jumamosi asubuhi, hapa Calgary. Mmoja alikuja na jezi ambayo jina la mgongoni amelifunika kwa ule utepe mweupe wa kufungia magongo, safu 3, umebanwa kwa kidole gumba. Sikumuuliza. Wiki ya tatu unyevu na jasho vilikuwa vimeuvua utepe pembeni, herufi 2 za mwanzo zinaonekana. Wakati anakaza viatu akaniambia mwenyewe, bila kuinua kichwa: "Hakutaka kuondoka." Akaubandua wote, akaukunja kama mpira, akautupa kwenye pipa, akaingia barafuni.

Kwa hiyo usiitoe jezi chini ya kitanda wewe. Usiiuze wala usinunue nyingine ili kumsahaulisha. Mwambie ukweli: Rantanen hakuulizwa, hakuwasaliti, na alipokuwa Dallas alikuwa anafanya kazi yake kwa nguvu zote, kama alivyoifanya Denver. Akikasirikia wakubwa wa timu, mwache akasirike, ni hasira yenye haki. Akitaka kuendelea kumpenda Rantanen na kuipenda Colorado, mwambie inawezekana. Montreal walimsusa Roy miaka mingi, lakini Novemba 2008 waliipandisha jezi yake namba 33 darini kumuenzi, ukumbi mzima umesimama.

Huzuni ya namna hii kwa kawaida hupungua ndani ya wiki kadhaa, hasa msimu mpya ukianza. Kama halali vizuri, hali chakula, ameacha marafiki, au anakataa hata vitu vingine alivyokuwa akivipenda, basi jambo si Rantanen peke yake. Mtoto aliyehama bara zima anaweza kuwa analia uhamisho mwingine kupitia huu. Hapo nenda kamwone mshauri wa shule yake au daktari wake wa watoto, ana kwa ana, na mweleze pia habari ya Mombasa. Na ikitokea siku moja kocha au wakala akakuletea karatasi ya mtoto kusaini ili achezee timu fulani, usisaini jikoni. Tafuta mwanasheria anayejua mikataba ya michezo aisome kwanza, na umwulize hasa kifungu cha kuhamishwa.